Moto wa Nyigu

Dalali alisema mnunuzi wa gari la zamani hana saa nyingine ila magharibi. Kwa hiyo jua lilipokuwa linazama nyuma ya mapaa ya mabati, Mshale aliliwasha tena gari lake jipya, lililokuwa limemzimikia langoni, akaliingiza katika ua wa gereji, akalisimamisha pua kwa pua na lile la zamani, akazima injini.

Kimya.

Hakuwa amekanyaga ua ule tangu msiba.

Mshale ndilo jina alilopewa na waendesha magari wenzake, na jina la utani likishakaa mwilini hata mke hulizoea. Gari lake la zamani nalo lilikuwa na jina: Nyigu. Lilikuwa dogo, la milango miwili, jekundu, rangi yake imepauka juu kwa kupigwa na jua. Liliitwa Nyigu kwa udogo wake na kwa mlio wake, na kwa sababu magari makubwa yaliyolidharau yalijuta kwenye mlima wa kwanza. Watu wa gereji walimsema kama wanavyomsema mtu: Nyigu kala, Nyigu kalala, Nyigu leo kaamka vibaya. Mshale alimwendesha; Fundi, mwenye gereji, alimtengeneza. Walimlea wawili, kama mtoto mtukutu anayewapatanisha wazazi.

Lile jipya lilikuwa jambo jingine kabisa. Jeusi, pana mabegani, eksozi mbili nyuma, injini yenye turbo ya kuiongezea nguvu, viti vinavyomkumbatia mtu mbavuni, na kitufe cha kuwashia badala ya ufunguo. Ukiligusa mafuta kidogo tu, shingo inarudi nyuma.

Lakini lilikuwa halijamkubali. Lilimzimikia kwenye taa za barabarani. Likamzimikia mbele ya wenzake. Likamzimikia langoni kwa mama mkwe, akalisukuma kwa bega huku shemeji zake wadogo wakicheka. Waliomuuzia walilichomeka kompyuta, wakasema halina ugonjwa.

"Hukulipokeza moto, wewe," wenzake walimwambia. "Umeoa mke wa pili bila kumwambia wa kwanza. Ulitegemea nini?"

Waliongea kwa kicheko, lakini maneno yalimwingia. Katika gereji ile kulikuwa na desturi. Mtu akibadili gari, anaunga waya kutoka betri ya gari la zamani hadi betri ya jipya. La zamani linanguruma, na jipya linaamka kwa moto wa mwenzake. Ndiko kupokezana moto. Fundi ndiye aliyeianzisha, nusu utani, nusu kweli. "Gari halimjui mtu," alikuwa akisema. "Hujulishwa."

Mshale hakuifuata desturi hiyo, kwa sababu baada ya yaliyotokea hakutaka hata kumwona Nyigu. Sasa Nyigu alikuwa anaondoka. Akimkabidhi kwa mnunuzi, nafasi haipo tena. Akachukua waya kwenye buti, akafungua boneti.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Grisi... na sabuni ya kufulia. Harufu ya Fundi akiwa ametoka kuoga jioni.

"Siku hizi hupigi hodi, shemeji?"

Sauti ilitoka ndani ya Nyigu.

Mshale aliangusha waya. Kwenye kiti cha dereva, gizani, alikuwa amekaa mjane wa Fundi. Ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Umenishtua, shemeji," alisema, akijaribu kucheka. "Nimekuja kumwona mnunuzi."

"Umemwona."

"Wewe? Wewe huendeshi."

"Sikumnunua nimwendeshe."

Hakushuka. Taa moja tu ilikuwa inawaka uani, ile ya mlangoni kwao, kwani nyumba na gereji vilishikana ukuta. Ndani watu walikuwa wanazungumza chinichini. Ndugu wa marehemu walikuwa bado hawajarudi makwao.

"Najua ulichojia," mjane alisema. "Lako limekuzimikia hapo langoni, nimelisikia. Unataka moto. Utaupata. Lakini kwanza nijibu jambo moja, kisha sitakusumbua tena maisha yako yote. Siku ile, mume wangu aligonga?"

Katika gereji ile jeki haikushushwa kwa maneno. Fundi yeyote aliyekuwa chini ya gari akishatoka na kusimama, hugonga bampa kwa spana mara tatu. Ngo, ngo, ngo. Mpaka hapo, hata mfalme aje, jeki haishuki. Na msibani, mbele ya wafiwa wote, Mshale aliapa kwamba Fundi aligonga. Aligonga, nikashusha, sijui kwa nini alirudi chini. Watu wakatikisa vichwa. Tangu hapo kila gereji ya mjini ilikuwa ikiwaonya wanagenzi kwa jina la Fundi: fanya mchezo, ufe kifo cha kizembe kama yule.

"Aligonga," Mshale alisema.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta huu naanika nguo," mjane alisema taratibu. "Miaka yote ya ndoa yangu, nikisikia ngo, ngo, ngo, nabandika maji ya kuoga ya mume wangu. Sijawahi kukosea. Siku ile sikubandika maji, shemeji."

Mshale aliinama kuokota waya.

"Nilisikia mnagombana. Unataka kumuuza Nyigu, ukachukue hili joka lako. Akakwambia, utamuuza nikiwa nimekufa. Akakwambia hayo akiwa chalichali chini ya gari."

"Shemeji, huzuni inakuchezea."

"Na lile gogo la kukinga? Jeki ikilegea, gogo hushika. Nilipokuja mbio nililikuta kando ya ukuta, limewekwa vizuri, halina hata tone la damu. Gogo lina miguu?"

Upepo haukuwapo. Hata hivyo nguo za kazi za Fundi, zilizokuwa bado zimetundikwa msumarini, ziliyumba kidogo.

"Sema tu," mjane alinong'ona. "Jina lake lisafike. Sema, uende zako."

Mshale alifikiria mke wake na watoto wake. Alifikiria polisi. Alifikiria wenzake, na jina lake lenyewe, jinsi litakavyotamkwa.

"Aligonga, shemeji. Nilisikia kwa masikio yangu haya."

Mjane alitikisa kichwa polepole. Hakulia.

"Basi pokeza moto wako."

Mshale aliunga waya. Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Moyoni alijipa matumaini kwamba betri ya Nyigu imekufa zamani, imekuwa jiwe. Mjane aligeuza ufunguo.

Nyigu akawaka kwa mshindo wa kwanza.

Alinguruma kama siku za ujana wake. Na katikati ya ngurumo Mshale aliona midomo ya mjane inacheza. Alikuwa anasema jambo, kwa upole, kama mke anayemwita mumewe mezani.

Kisha...

Ngo.

Sauti ilitoka chini ya Nyigu.

Ngo.

Mshale aliinama. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na giza na sakafu yenye doa ambalo maji na mchanga havikuliondoa.

Ngo.

Hii ya tatu haikutoka chini ya Nyigu. Ilitoka nyuma ya Mshale. Chini ya gari lake jipya.

Taa za gari jeusi zikawaka. Injini ikanguruma. Kitufe hakikuguswa na mtu.

"Umesikia?" mjane aliuliza.

"Nini? Sikusikia kitu."

"Ajabu. Wewe ndiye msikivu wetu."

Mshale aling'oa waya, akafunga boneti, akaruka ndani ya gari na kutoka uani kinyumenyume, nusura abebe nguzo ya lango.

Barabarani hofu ilianza kuyeyuka, kwa sababu gari lilikwenda. Lo, lilikwenda! Halikukohoa, halikusita. Kwenye taa lilitulia kama paka, na zilipobadilika likaruka kama chui. Alipofika nyumbani alikuwa anapiga mluzi. Wanawake na huzuni zao, alijisemea. Akabonyeza kitufe kuzima.

Sssss...

Sauti nyembamba, kama mafuta ya jeki yanayovuja.

Na uzito ukamshukia kifuani.

Ulishuka polepole, sawasawa, bila haraka. Ulikuwa baridi kama chuma, unanuka grisi. Mbavu zilijikunja. Alitaka kupiga kelele, hewa ya kupigia kelele haikuwapo. Macho yakamtoka. Kidole kikapapasa, kikapapasa, kikakipata kitufe.

Injini ikawaka. Uzito ukainuka.

Alikaa akihema, jasho likimtiririka hadi kiunoni. Ni moyo, alijiambia. Shinikizo la damu. Akazima tena, ajaribu.

Sssss...

Akawasha.

Mkewe alitokea mlangoni na kitenge begani. "Baba nanihii, chakula kinapoa. Mbona huzimi gari? Unawapigia majirani ngoma?"

"Nakuja, mama."

Hakwenda. Alilala mlemle, injini inanguruma, na asubuhi majirani wakapita wakisemana: tazama, mtu kapata gari, hata kitanda hakitaki tena.

Akitoka nje na kuliacha linanguruma, aliweza kutembea kama watu. Lakini mshale wa mafuta ulikuwa unashuka. Alijaza kibandani kwa muuza mafuta ya chupa asiyeuliza maswali, akajaza tena, na jua lilipoinamia upande wa pili alikuwa amerudi katika ua wa gereji. Hakuzima. Alishuka akapiga magoti mbele ya mjane, aliyekuwa amekaa kizingitini anachambua mchele.

"Nitasema," alisema. "Nikizima gari, ananishukia kifuani. Waite."

Wakaitwa. Akatoka mama yake Fundi, amejishikiza kwenye ukuta. Wakatoka kaka zake, watu wa miraba minne, wakasimama wamefunga mikono.

"Hakugonga," Mshale alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nilikasirika. Niliondoa gogo. Nikashusha jeki najua yuko chini. Kisha nikamsingizia marehemu mbele yenu."

Hakuna aliyemgusa. Kaka mkubwa alipiga hatua, lakini mama mzee alimshika shati.

"Mwache," mama alisema. "Mtazame. Huyu kapigwa tayari."

Mama akamgeukia mkwewe, akamwekea mkono kichwani. "Mwanangu hakuwa mzembe," alisema. "Umelisafisha jina lake, mwanangu." Kisha akaingia ndani, na sauti yake ya kilio ikasikika kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mshale alimsogelea mjane kwa magoti. "Nimesema, shemeji. Mbele ya wote. Kesho nitasema polisi. Sasa nizime?"

Mjane alipuliza makapi kwenye ungo.

"Mimi nilitaka useme, umesema. Ahsante. Mimi na wewe tumemalizana."

"Na yeye?"

"Yeye sijui anataka nini."

"Ulimwita wewe! Ulisoma maneno, nilikuona! Mganga gani alikupa? Nitamwendea, nitamlipa chochote."

Mjane alimtazama. Ilionekana kama anamwonea huruma, lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama na huenda ilikuwa giza tu.

"Sijui uganga, shemeji. Nilimwambia maji yako yako tayari, mume wangu, toka. Akatoka. Lakini hakuja kwangu. Maji yakapoa, nikayamwaga." Akaendelea kuchambua. "Nadhani gari lako likinguruma, jeki iko juu. Zima, uone kama kakusamehe. Huenda kakusamehe. Alikuwa mtu mpole."

Mshale alirudi garini. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Hakikubonyeza. Akaondoka.

Mshale wa mafuta ulikuwa umeingia kwenye nyekundu. Kibanda cha chupa kilikuwa kimefungwa. Kilichobaki kilikuwa kituo kikubwa cha mafuta cha njia panda, chenye taa nyeupe kama hospitali. Akaingia pampuni, akateremsha kioo.

"Karibu, baba," alisema binti wa pampu, amevaa kofia ya kazi. "Zima gari."

"Binti yangu, nijazie hivihivi."

"Siwezi, baba. Sheria. Ubao ule pale."

"Nina ugonjwa, mwanangu. Nakuomba. Gari hili likizima, haliwaki."

"Gari jipya hivi haliwaki?" Binti alicheka, akapangusa mkono kwa kitambaa. "Baba, bosi yuko dirishani ananitazama. Nitafukuzwa kazi."

Nyuma yao magari yalikuwa yamejipanga, honi zinalia. "Songa, bwana!" mtu alipaza sauti. "Gari la mwaka huu, maringo ya mwaka juzi!" Watu wakacheka. Injini ikakohoa mara moja, kwa njaa.

Mshale alijaribu kufungua mlango ashuke. Haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Akamtazama binti, midomo inamtetemeka, machozi yanashuka, na binti akadhani ameelewa. Alikuwa na baba kijijini, naye hivyohivyo, simu mpya inamliza.

"Gari hizi za vitufe zinawasumbua wazee," alisema kwa upole. "Usiwe na wasiwasi. Ngoja nikusaidie."

Akaingiza mkono dirishani.

"Hapana," Mshale alisema. "Mwanangu, hapa—"

Injini ikazima.

Binti anasema hakusikia kelele yoyote. Anasema tu kwamba gari lilizama kidogo juu ya springi zake, kama mtu mzito ameingia na kuketi, na akanusa sabuni. Alichomeka bomba, akaangalia namba zinazunguka, akawaomba wateja wawili wa nyuma wamsubiri. Kisha akarudi dirishani.

"Full tenki, baba?"

Hakujibiwa. Mshale alikuwa ameegemea kiti, kinywa wazi, anatazama paa.

Lakini kioo cha upande wa abiria, ambako hakukuwa na mtu, kilikuwa kinaingia ukungu kwa ndani. Kinaingia, kinafutika. Kinaingia, kinafutika. Polepole, kwa utulivu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuikosa kwa muda mrefu.