Begi la Bibi Linakwenda Wapi?

Kila alasiri akitoka shule, Kipaza alitupa mkoba wake kitandani, akanawa mikono, kisha akaenda chumba cha mbele kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Bibi alikuwa fundi wa kushona. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, lakini mikono na miguu bado ilikuwa na nguvu, na cherehani yake haikujua kupumzika. Wakati wa kutunga uzi Kipaza hakufunga mdomo. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya sauti yake, maana hata akinong'ona alisikika darasa la jirani. Isitoshe, alikuwa akiongoza darasa zima katika somo la Kiingereza, na hakumpa mtu yeyote nafasi ya kulisahau jambo hilo.

Jioni moja, wakiwa mezani, simu ya Baba iliita. Alikuwa Shangazi, dada yake Baba, anayeishi ng'ambo na mumewe.

"Daktari ameniambia nitajifungua kwa upasuaji," alisema. "Nikitoka hospitali sitaweza hata kuinua ndoo, na mume wangu anafanya kazi za zamu kiwandani. Namwomba Mama aje anisaidie."

Baba aliweka kijiko chini, akamtazama Bibi. "Mama, utaweza kweli? Mimi kazini sitapata ruhusa ya kukusindikiza. Utapanda ndege mbili, na ile ya kwanza itakushusha mahali ambapo hakuna mtu anayejua hata neno moja la Kiswahili."

"Mtoto wangu anapasuliwa tumbo," Bibi alijibu, "halafu unaniuliza kama nitaweza kukaa kwenye kiti?"

"Kiingereza niachieni mimi!" Kipaza alidakia, sufuria zikavuma jikoni.

Masomo yalianza kesho yake. Kipaza alisimama mbele ya cherehani, mikono nyuma, kama anavyosimama mwalimu wake. Alianza na sentensi ndefu ya kuomba radhi na kuuliza njia. Bibi aliirudia, ikatoka nusu. Aliirudia tena, ikatoka kitu kingine kabisa. Mara ya tatu wote wawili walicheka mpaka machozi yakawatoka.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema akijifuta kwa ncha ya kanga, "wewe unanifundisha kuzungumza. Mimi nataka kufika."

Basi wakabadili mtindo. Viti vya jikoni vilipangwa safu ukumbini vikawa ndege, na mshipi wa Baba ukawa mkanda wa kiti. Kipaza alichora picha kwenye vipande vya karatasi ngumu: choo, glasi ya maji, ndege yenye alama ya kuuliza. Chini ya kila picha aliandika maneno ya Kiingereza, ili Bibi amwonyeshe mtu asome mwenyewe. Bibi alishona kifuko chenye mfuniko wa plastiki cha kuvaa shingoni, akavitia humo. Herufi hazikumpa taabu. "Hii B ni mifuko miwili ya shati iliyopandana," alisema. "Na hii A ni ngazi ya fundi rangi." Kwa macho ya mtu aliyezoea kukata mitindo ya nguo maisha yake yote, kila alama aliyoiangalia mara moja ilikaa kichwani.

Kipaza alizidi kumstaajabia, na alizidi kujiona mwalimu. Ndipo Bibi alipouliza, "Nikishuka kwenye ile ndege ya kwanza, lile begi langu kubwa nalichukua, au linakwenda lenyewe?"

Kipaza hakujua. Hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini mwalimu gani anasema hajui? "Unalichukua," alisema bila kusita. "Unatoka nje, unalichukua, halafu unaingia tena."

"Haya," Bibi alisema, na somo likaendelea.

Siku chache kabla ya safari, Bibi alikwenda dukani kununua vifungo, akamwacha Kipaza na kazi. Jirani yao, dereva wa teksi, alipita kuchukua suruali iliyokunjwa pindo. Alikuwa mtu wa hadithi, na siku hiyo alikuwa nayo.

"Jana nimemchukua abiria uwanja wa ndege, analia kama mtoto," alisema. "Alikuwa anakwenda ng'ambo. Aliposhuka njiani kubadili ndege, akatoka nje kutafuta begi. Kumbe begi limeshapitishwa lenyewe! Kurudi ndani akazuiwa, ndege ikamwacha, akaishia kurudishwa nyumbani."

Alichukua suruali yake akaenda zake akipiga mluzi. Kipaza alibaki ameshika sindano.

Jioni alikoroga chakula chake bila kula. Labda dereva amekosea, alijiambia. Labda ndege ya Bibi ni tofauti. Na akisema kwamba alibahatisha, nani ataamini mengine yote aliyofundisha? Huko ukumbini Bibi alikuwa akifanya mazoezi peke yake, akitembea kati ya viti na begi mkononi.

"Nashuka," Bibi alikuwa akisema taratibu, "nafuata watu, natoka nje, nachukua begi langu, narudi ndani." Alitabasamu. "Unaona? Nimeshika yote."

"Bibi, simama," Kipaza alisema. Safari hii sauti haikufika hata mlangoni. "Hilo la begi mimi sijui. Siku ile niliona aibu kusema sijui, nikasema tu. Na leo nimesikia kuna mtu aliachwa na ndege kwa sababu hiyo hiyo."

Alisubiri kugombezwa. Bibi aliweka begi chini, akakaa kwenye kiti cha "ndege", akamtazama.

"Ungenitoa nje ya mlango nisioweza kurudi," alisema.

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho ukitoka shule usivue viatu. Tutakwenda kuwauliza wenye ndege zao."

Ofisi ya shirika la ndege ilikuwa na sakafu inayong'aa na foleni ya watu waliovaa vizuri. Bibi alipofika dirishani hakuuliza swali moja. Aliuliza la begi, akauliza la mkanda, akauliza kama masikio huuma, kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza choo cha ndege kinasafishwaje maji yakiwa hayaonekani. Watu nyuma wakacheka chinichini. Kipaza alitamani sakafu immeze. Lakini bwana mmoja mwenye suti na tai alisogea mbele akatega sikio.

"Samahani, mama," alimnong'oneza Bibi, "naomba karani amalizie hilo la choo. Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza."

Karani alicheka kwa upole, akaeleza yote. Begi la Bibi lingepitishwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Kule kati asitoke nje kamwe, afuate alama za wanaounganisha ndege. Tena abiria kama yeye angeweza kuombewa mtu wa kumpokea mlangoni mwa ndege na kumwongoza, bila malipo.

"Mimi si mgonjwa," Bibi alisema.

"Si kwa wagonjwa tu, mama. Ni kwa yeyote anayetaka kuongozwa."

"Basi mimi nataka."

Siku ya safari familia nzima ilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Bibi alipita kwenye ukaguzi, kifuko kifuani, mgongo umenyooka, akageuka mara moja tu kupunga mkono. Kipaza, msemaji mkuu wa nyumba, alimpungia mikono yote miwili.

Siku iliyofuata walikaa wakiizunguka simu ya Baba kama moto wakati wa baridi. Hatimaye uso wa Bibi ulitokea kwenye kioo, umechoka, unacheka.

"Nimefika! Begi nalo limefika, tena limenitangulia!"

"Yule wa kukuongoza alikuja?" Kipaza aliuliza.

"Hakuja. Nilingoja mlangoni mpaka ndege ikabaki tupu. Basi nikatafuta mtu mwenye sare, nikamwonyesha tiketi na ile picha ya ndege. Akaninyooshea kidole kwenye ubao wa safari za ndege. Naangalia, naona lango langu la kupandia ndege limebadilishwa, halikuwa tena lile lililoandikwa kwenye tiketi. Njiani nikamkuta mama mmoja mtu mzima, ameshika tiketi inayofanana na yangu, anageuka huku na kule. Kiswahili hajui, Kiingereza hajui, na lugha yake mimi siijui. Nikamshika mkono, tukaenda pamoja. Kila tukipotea nilisimama nikauliza kwa picha, mpaka tukakaa kwenye viti vyetu."

Baba alitikisa kichwa. "Mama, wewe ni simba."

"Simba gani? Niliogopa njia nzima," Bibi alisema. Kisha akasogeza uso karibu na simu. "Kipaza, nisikilize. Picha zako zimenisaidia sana. Lakini kilichonifikisha hapa ni siku ile uliposema hujui. Ungeficha, leo ningekuwa nje ya mlango nalia. Mtu asiyejua akisema, anasaidiwa. Akijifanya anajua, anajipoteza yeye na aliyemwamini. Darasani kwako, nyumbani, popote, usilionee aibu neno hilo."

"Nimesikia, Bibi," Kipaza alisema.

Nyuma ya Bibi kichanga kililia kwa nguvu zote. Shangazi alikuwa amejifungua asubuhi ile ile, na Bibi alikuwa akipiga simu kutoka hospitalini.

"Haya, kateni simu," Bibi alisema akiinuka haraka. "Huyu lugha yake naijua."