Neno Alilolidai Mbuke

— Mbuke! Ni wewe?

Mbuke alishusha mtungi wa maji taratibu. Sauti ile aliijua. Wanawake waliokuwa wakitwanga mtama uani, pale misheni ya Ushirombo, wakasimamisha michi.

— Ni mimi, Makoye. Umefuata nini huku?

— Nimekuja kumalizia mafundisho ya dini. Nilianza kule mgodini Geita. Pasaka nabatizwa.

— Na mimi pia.

Makoye akacheka kwa furaha, akanyoosha mikono. Mbuke akarudi nyuma.

— Usiniguse.

Huo ulikuwa mwaka 1954. Miaka mitatu nyuma, surua ilimchukua mtoto wao wa pekee. Msibani, Nyamizi, mama yake Makoye, alimnyooshea Mbuke kidole: "Huyu ndiye aliyemla mjukuu wangu!" Makoye akainamisha kichwa, hakusema kitu. Mbuke akafukuzwa na nguo aliyovaa. Aliyempokea ni Mama Philomena, mjane aliyeishi hapo misheni. Alimpa jembe, akampa pa kulala, akamwita binti yangu. Makoye naye alishindwa kuikalia nyumba tupu, akakimbilia Geita kuchimba dhahabu.

Sasa alimwendea Kalisti, katekista wao.

— Mwalimu, nisaidie. Yule ni mke wangu.

— Dhambi zako Mungu atakuondolea kwa ubatizo. Lakini msamaha wa Mbuke kauombe mwenyewe.

Jumapili, watu walipotoka Misa, Makoye alimfuata.

— Mbuke, nisamehe. Mimi nilijua hukumuua mtoto.

— Ulijua?

— Tangu siku ile ile.

Machozi yakamtoka Mbuke.

— Basi hilo ndilo linaloniuma. Mama yako uchungu ulimzidi. Wewe ulijua, ukanyamaza. Leo unaniambia pembeni, tukiwa wawili. Siku ile waliosikia walikuwa wawili?

— Ukoo mzima ulikuwapo.

— Nenda kawaambie hao.

Makoye akaenda. Alimkuta mama yake uani, ndugu na majirani wamejaa, wamesikia mchimbaji amerudi.

— Shikamoo, mayu.

— Marahaba, mwanangu! Karibu nyumbani!

— Mayu, nina neno. Mbuke hakumla mtoto wetu. Ni surua, ile ile iliyoua watoto kijiji kizima. Nilijua, nikanyamaza kwa woga.

— Unaniaibisha mbele za watu?

— Nakuheshimu, mayu. Ila kunyamaza siwezi tena.

Nyamizi aliingia ndani, akafunga mlango. Makoye alibisha, hakufunguliwa.

Alirudi Ushirombo amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi.

— Nimesema, Mbuke. Mama amenifungia mlango. Labda hatanisemesha tena.

— Umesema mbele ya wote?

— Wote.

Mbuke akaingia jikoni, akatoka na ugali na mlenda.

— Kaa. Kula kwanza.

Pasaka walibatizwa, Makoye akaitwa Donatus, Mbuke akaitwa Generosa. Jumapili iliyofuata padri akaibariki ndoa yao. Hawakuwa na ndugu wa damu pale, lakini kanisa lilijaa. Wanawake wa misheni walikuwa wamepika tangu alfajiri, na Mama Philomena alilia kama anayemwoza mtoto wa tumbo lake.

Walipotoka nje, vigelegele vikakatika ghafla. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, peke yake.

Mbuke akapiga magoti.

— Shikamoo, mayu.

Nyamizi naye akapiga magoti, hapo hapo vumbini.

— Mwanangu, nilikutupa. Uchungu ulinipofusha. Nisamehe.

— Nimekusamehe, mayu. Inuka.

Nyamizi aliinuka, akamshika Mama Philomena mikono yote miwili.

— Wabeja, mama, asante sana. Umenitunzia mtoto.

— Tumshukuru Mungu, dada yangu. Haya, twende, chakula kinapoa.

Generosa akamshika mama mkwe wake mkono wa kulia, Donatus akamshika wa kushoto, vigelegele vikaanza upya.