Kamera Juu ya Kabati

Kila asubuhi mama alinishusha kwenye lango la shule yetu, Sharpstown, mjini Houston, Marekani. Aliwasalimia wenzangu kwa Kiingereza chake, kisha akaenda hospitalini kuhudumia wazee. Mlangoni mwa darasa alinisubiri Mwalimu Method, Mtanzania kama sisi, aliyetufundisha hesabu. "Hujambo, Queen? Mama mzima?" Kwa Kiswahili, mbele ya watu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi nikaanza kumwiga anavyotamka Kiingereza. Darasa zima lilicheka. Yeye alifuta ubao, akaendelea.

Mwaka ule, 2003, alikuwa mafunzoni. Mlezi wake kazini, Mwalimu Truphosa, Mkenya mwenye ulimi mkali, alimtaka arekodi somo moja kwa video ili walitazame na walimu wenzao. "Likiharibika, mkataba wangu ndio basi, Mama Queen," Mwalimu Method alimwambia mama pale langoni. "Na nina watoto watatu."

Nilisikia kila neno. Unadhani nilimwonea huruma? Thubutu! Nilimwendea Heritier, rafiki yangu Mkongo, nikamnong'oneza, "Siku ya video tunyamaze wote. Kamera itamwona yeye tu."

Siku ikafika. Kamera iliwekwa juu ya kabati, pembeni mwa ubao. Mwalimu Method alikata chapati vipande vinne. "Robo mbili ni sawa na nini?" Kimya. Akauliza tena, jasho likimtoka. "Queen?"

"Sielewi, mwalimu," nilijibu kwa Kiingereza, nikiibana sauti kama yake. Alipogeuka, nikaweka kidole mdomoni kuwaonya wenzangu wanyamaze. Nilifurahi, sikufichi.

Ijumaa Mwalimu Truphosa akatuita, mimi na mama. Mwalimu Method alikuwa amekaa kando, ameinama. Video ikawashwa. Lo! Yeye alionekana mkono tu, umeshika chapati. Kioo kizima kilikuwa nyuso zetu.

"Tukitaka kujifunza ualimu, tunawatazama wanafunzi," alisema Mwalimu Truphosa. "Jiangalie, msichana. Uzuri wako ndio huo?"

Nilijiona nikipinda midomo. Nikasikia ile sauti niliyoiiga. Mama naye aliisikia.

"Queen," akauliza taratibu, "si ndivyo ninavyoongea mimi?"

Nikalia, nikakiri kwamba mimi ndiye niliyewapanga wenzangu. Mwalimu Truphosa akaandika maneno yangu yote, akaamuru somo lirekodiwe upya.

Jumatatu tulijibu vizuri, na mkataba ukaongezwa. Mwalimu Method aliniita. "Nimeitazama ile kanda mara nne, Queen, nikitafuta kosa langu," alisema. "Inauma, lakini anayekataa kujitazama hatengenezeki. Na wewe usisahau ulichokiona. Ukimdhihaki mtu, hujui ni nani mwingine unayemchoma."

Sijasahau. Mama aliendelea kunishusha langoni kila asubuhi. Ila wenzangu hakuwasalimia tena kwa Kiingereza. Aliwapungia mkono tu, akaondoka.