Herufi Zinazoanzia Chini

Barabara ya maduka ilikuwa imefurika. Wauza viatu walikuwa wamemwaga bidhaa zao mpaka katikati ya njia, na redio tatu zilikuwa zikigombana. Mwalimu wa chekechea alikuwa anapita na mfuko wa penseli, sketi yake ya buluu ikiwa na vumbi jeupe la chaki mapajani, mara akasimama ghafla na mtu wa nyuma akamkumba.

Juu ya ngazi, mbele ya duka la vitambaa, kijana mwenye ovaroli yenye madoa ya rangi zote alikuwa akiandika jina la duka. Alikuwa kwenye M. Aliianzisha brashi chini ya herufi, akapandisha.

"Fundi," Mwalimu aliita kabla hajajizuia, "herufi inaanzia juu."

Kijana hakugeuka. "Na ngazi inaanzia chini, mwalimu."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine atasimama juani kusahihisha ukuta?"

Mwalimu alicheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Jioni hiyo hiyo walikuwa wameketi mbele ya vikombe viwili vya chai, Fundi akijieleza kama mshtakiwa.

"Nyumbani kulikuwa na meza moja na kiti kimoja, na kiti kilikuwa cha kaka yangu. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza nikimtazama anavyoandika. Kila herufi niliiona kichwa chini, ikianzia kwangu na kwenda kwake. Nilipoanza shule walinigeuzia herufi, lakini mkono hawakuweza kuugeuza."

"Ungekuwa darasani kwangu, ungegeuka."

"Basi niandikishe."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi wa pili haukuisha kabla walimu wenzake hawajaanza kumwuliza kwa nini simu yake inalia kila saa ya mapumziko.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula chaki."

"Na mimi nimekunywa rangi. Tukutane jioni tuugulie pamoja."

Mwezi wa nane Fundi alisema Jumamosi ijayo angefika kwao na wajomba zake wawili, kuposa. Mama yake Mwalimu alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Baba yake, ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza chochote, aliuliza mara mbili wageni watakuwa wangapi. Mwalimu alishona gauni la rangi ya machungwa mabichi, akalitundika nyuma ya mlango ili kila akiamka alione.

Jumatatu ya wiki hiyo aliletwa mtoto mpya, msichana wa miaka sita, mwembamba, nywele zimesukwa kwa haraka. Wenzake walimwita Mgeni, naye akaliitikia jina hilo bila kinyongo. Mwalimu aliwasimamisha watoto wote, vidole hewani, wachore herufi kabla ya kugusa penseli. "Tunaanza juu. Tunashuka. Tunapanda." Vidole thelathini vilishuka. Kimoja kilipanda.

Alipiga magoti kando ya trei la mchanga, akaushika mkono wa Mgeni na kuuanzisha juu. Mtoto aliuchomoa taratibu, akaufuta mchanga, akaanza tena chini.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Baba."

Mwalimu aliona kichekesho kizima. Saa ya mapumziko alikimbilia simu.

"Fundi, kumbe hamko mmoja duniani. Nina mwanafunzi anaandika kama wewe, chini kwenda juu, na ukimsahihisha anakukatalia kwa adabu."

Fundi alicheka. "Ana akili huyo. Anaitwa nani?"

Mwalimu akalitaja jina la mtoto, lile la kwenye daftari la mahudhurio. Upande wa pili kukawa kimya, mpaka akadhani laini imekatika.

"Upo?"

"Nipo. Kuna mteja. Nitakupigia."

Hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano Mwalimu alipiga mara nne, simu ikaita mpaka ikachoka. Aliamini alichoweza kuamini: kwamba mwanaume ameingiwa na woga wa posa, kwamba wajomba wamemkatisha tamaa, kwamba labda yeye mwenyewe alicheka sana kwenye simu. Usiku aliligeuza gauni lielekee ukutani.

Alhamisi watoto walipotoka kucheza, Mgeni alibaki kwenye dawati lake. Alikuwa amemaliza irabu zote tano na konsonanti nne, kila moja imekaa vizuri juu ya mstari.

"Mbona huendi kucheza, mwanangu?"

"Zimebaki nyingi. Mama kasema nikizijua zote baba atarudi."

Mwalimu alivuta kiti kidogo, akaketi magoti yakiwa karibu na kidevu. "Basi nikuonyeshe njia ya haraka. Ukianzia juu mkono hauchoki."

"Nikianzia juu baba atajua siyo mimi."

Angeweza kumweleza kwamba herufi ikishaandikwa haimwonyeshi mtu ilianzia wapi. Hakumweleza.

"Baba yako yeye kwa nini anaanzia chini?"

"Alijifunzia upande wa pili wa meza," mtoto alisema, akiichonga penseli yake kwa makini. "Kiti kilikuwa cha baba mkubwa."

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Mwalimu aliendelea kukaa kwenye kile kiti kidogo mpaka kengele ilipolia, na hata kengele hakuisikia. Mgeni ndiye aliyemgusa bega.

Jioni hiyo Fundi alikuja mwenyewe. Alimkuta darasani peke yake akikusanya vipande vya chaki. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Alisimama mlangoni.

"Ni wa kwangu," alisema.

"Najua."

"Niliondoka yeye ana miaka minne. Tuligombana na mama yake, nikasema nitarudi nikipata kazi ya maana. Kazi ilichelewa. Kila mwezi niliokaa bila kurudi uliufanya mwezi uliofuata kuwa mgumu zaidi. Mwisho nikabadili namba ya simu."

"Ulimwambia mama yake kwamba umemwacha?"

"Sikumwambia kitu."

"Basi hujamwacha. Umemtoroka." Mwalimu alizipanga chaki kwenye kopo, ndefu na ndefu, fupi na fupi. "Alinieleza alipomleta mtoto: anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni hapo nyuma ya stendi. Alisikia uko mji huu, akafunga safari na mtoto."

Fundi alikaa kwenye dawati, likamwacha magoti nje. "Ningekwambia siku ya kwanza, ungenipa siku ya pili?"

"Ndiyo. Ungekuwa mtu mwenye mtoto, na mimi watoto nawapenda. Ndiyo kazi yangu."

"Bado inawezekana, mpenzi. Nitamlea. Nitamsomesha. Jumamosi wajomba waje kama tulivyopanga, halafu nitakwenda kuongea na mama yake. Mimi nakupenda wewe."

"Halafu Jumatatu nimpokee mlangoni, nimwambie endelea kuandika, zimebaki kumi na tano?"

Fundi alikwaruza doa la rangi kwenye kucha yake.

"Mimi siwezi kuolewa na mtu anayengojewa," Mwalimu alisema. Sauti ilitoka nzima, akashangaa mwenyewe. "Kwanza nenda ulikongojewa. Ukifukuzwa, ufukuzwe na aliyekungoja. Mimi usinipe kazi hiyo."

"Na wewe? Hunipendi?"

"Ningekuwa sikupendi ningeshakutukana nikaenda zangu kula." Akapangusa macho kwa mgongo wa kiganja, chaki ikamwingia jichoni, na kwa dakika nzima wote wawili walishughulika na jicho lile, Fundi akimpulizia, Mwalimu akisema acha, usiache, acha.

Ijumaa, saa ya watoto kuchukuliwa, Fundi alikuwa langoni. Mama yake Mgeni alikuwa hajafika. Mwalimu alimtoa mtoto kwa mkono mpaka uani. Alihisi vidole vile vidogo vikikaza.

Mgeni alimtazama mwanaume langoni kwa muda mrefu. Hakukimbia wala hakucheka. Uso ulimbadilika polepole, ukajaa hofu.

"Baba," alisema, "bado sijamaliza."

Fundi alishuka chini, magoti yote mawili kwenye changarawe, suruali yake safi na kila kitu. "Sijafuata herufi, mwanangu. Nimekufuata wewe."

"Nimefika tisa tu. Mwalimu, mwambie ninajitahidi."

"Anajitahidi," Mwalimu alisema. "Hakuna darasani anayejitahidi kama yeye."

Mama yake alitokea kwenye kona, mikono imekauka kwa sabuni, kanga ya kazi kiunoni. Alimwona Fundi akiwa amepiga magoti, akasimama. Walitazamana. Watu watatu walipita katikati yao.

"Umekonda," mama alimwambia Fundi. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Nisamehe kuchelewa, mwalimu. Amesumbua leo?"

"Hajasumbua kitu, dada."

Waliondoka. Mama na mtoto walitangulia, Fundi akawafuata hatua tano nyuma, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Mwanzoni mwa barabara aligeuka mara moja. Mwalimu alikuwa ameshaanza kufunga lango, akalifunga.

Ndani ya darasa tupu alimpigia simu mama yake.

"Mwanangu, afadhali umepiga. Niambie, hao wajomba wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Mama, wageni hawaji."

"Wamesogeza siku?"

"Hapana, mama. Ana mtoto aliyekuwa anamngoja. Nimemwambia aende."

Alisikia mama yake akivuta kiti, akikaa. Alisikia baba yake kwa mbali akiuliza kuna nini, na mama akimjibu ngoja kwanza.

"Umemwambia wewe?"

"Mimi."

"Unalia?"

"Bado."

"Basi usilie huko peke yako, shule imefungwa, nani atakuletea maji? Njoo nyumbani. Nimeshanunua vitu vya watu wanane, na baba yako hali sana." Sauti ya mama ilitetemeka, ikajikaza. "Njoo, mama yangu. Tutakula sisi."