Misumari Midomoni mwa Babu

Kila alasiri Gundi alitoka shule akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha babu yake, fundi viatu. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu mjukuu huyo alimganda kutwa. Kazi yake ilikuwa kupanga viatu vilivyokamilika na kupokea wateja. Babu aligonga soli huku amebana misumari midogo midomoni. Ukimsemesha wakati huo, alijibu "mm" tu. Gundi alijua ipi ni "mm" ya ndiyo na ipi ni ya niondokee hapa.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Babu alimpa mwalimu viatu vya muuza maziwa. Akambandikia mteja soli za saizi mbili. Gundi akafunika kombe mwanaharamu apite: aliwakimbilia wateja, akabadilisha viatu, akasema, "Babu anawatania tu." Mama alipouliza hali ya baba yake, jibu lilikuwa tayari: "Buheri wa afya."

Hakupenda kusema uongo. Ila alikuwa amemsikia mama akimwambia shangazi, "Mzee akianza kupotea, kibanda tunakifunga." Babu bila nyundo angeishije? Gundi hakutaka hata kulifikiria jambo hilo.

Jambo jingine aliliona akalipuuza. Babu aliacha kubana misumari midomoni, akawa anaiweka kwenye kifuniko cha kopo. "Ulimi unaniwasha," alisema.

Siku moja babu alitoka kununua uzi, asirudi. Akaletwa na kinyozi, ambaye duka lake linatazamana na kibanda.

"Mzee ameniuliza kibanda chake kiko wapi," kinyozi alimwambia mama, aliyekuwa amepita kuwachukua. "Nikamwonyesha. Akaniuliza tena."

Mama alimtazama Gundi. Gundi akatazama chini.

Kesho yake wakaenda zahanati wote watatu. Daktari aliuliza, babu akajibu kwa mkato: "Mimi mzima. Uzee huu." Mama naye alieleza ya kinyozi tu, maana mengine yote alikuwa amefichwa.

"Nani anashinda naye?" daktari akauliza.

Gundi alijua anayeulizwa ni yeye. Akisema, kibanda kitafungwa. Akinyamaza, je, siku nyingine babu akipotea mbali na kinyozi? Akasema yote: viatu, soli, uongo wake. Alipofika kwenye misumari, daktari akaweka kalamu chini.

"Hebu toa ulimi, mzee."

Ulimi ulikuwa mwekundu, laini kupita kiasi.

"Miguu nayo inakufa ganzi?"

Babu alimtupia mjukuu jicho. "Kidogo," akakiri.

Damu ilipimwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza kwamba babu amepungukiwa na vitamini moja muhimu, ipatikanayo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Wazee wengine hula vizuri, lakini tumbo lao halifyonzi vitamini hiyo, na ikikosekana, damu, mishipa ya fahamu na kumbukumbu vyote huathirika.

"Kwa hiyo si uzee?" mama aliuliza.

"Kusahau kuna sababu nyingi: kuumia kichwa, pombe, baadhi ya dawa, kukosa usingizi. Yako pia maradhi ya ubongo ambayo hatuwezi kuyaponya, tunampunguzia tu mgonjwa taabu. Hili linatibika, ila mngechelewa zaidi, huenda lingeacha athari isiyofutika."

Babu akaanza kuchomwa sindano za vitamini. Mama hakukifunga kibanda. Alikaa naye humo mpaka alipopata nafuu. Haikuwa kazi ya siku moja. Miezi ilipita kabla ya muuza maziwa kuchukua viatu vyake bila kuvikagua kwanza.

Alasiri moja babu alimketisha Gundi kando ya benchi. "Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," Gundi akamalizia, uso umemshuka.

"Ulinifichia kwa mapenzi, najua, na mimi nilijificha kwa kiburi. Sote wawili tuliusaidia ugonjwa, hatukumsaidia mgonjwa. Ukimpenda mtu, sema anapougua, hata kama mwenyewe atanuna."

Akachota misumari kwenye kile kifuniko, akaibana midomoni, akainua nyundo.

"Umeninunia, babu?" Gundi aliuliza.

"Mm," babu akajibu, naye Gundi akacheka, maana hiyo haikuwa ya ndiyo wala ya niondokee hapa.