Majibu Sitini na Sita ya Sundaravel

Daktari alisema Sundaravel amekufa kabla ya saa sita mchana. Kompyuta yake ilisema alifanya kazi hadi saa kumi na nusu.

Alilala kifudifudi kati ya safu za seva, hana jeraha. Ilikuwa siku ya puja, ibada ya Kihindu ya kubariki vifaa vya kazi, na kila mashine ilivishwa taji la asumini. Feni zilivuma, maua yakawa yanatikisika yenyewe. Inspekta Thenmozhi akapita kati ya safu hadi kwenye meza ya marehemu.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na jina la marehemu na jibu lile lile kwa ukaguzi wa kila dakika tano: "Nipo. Tovuti iko hewani." Tangu saa tano, mara sitini na sita. Nje ya mlango mama yake alisubiri kuambiwa kama mwanawe alijiua.

"Alijiua," alisema Ilango, mhandisi mkuu. "Alifungulia gesi ya kuzimia moto, ikamaliza hewa. Tangu dada yake afariki hakuwa sawa, afande."

"Daktari anasema alikufa mchana."

"Humu baridi kama friji, daktari atajuaje? Saa kumi na nusu alikuwa anajibu, na mimi nilikuwa hekaluni. Muulize kuhani."

"Anajibu kwa simu?"

"Simu zote zinaachwa mapokezi. Anajibu kwa kompyuta hiyo tu."

"Na puja nani alifanya?"

"Mimi, saa tano. Nilipaka vifaa vyote liwa na poda nyekundu, nikaondoka."

Thenmozhi aliinamia kibodi ya marehemu. Liwa ilipita juu ya herufi kutoka ukingo hadi ukingo, imekauka, haina hata ufa. Akabonyeza herufi moja. Liwa ikapasuka, vipande vikadondoka mezani.

"Haya, niambie. Alibonyezaje mara sitini na sita?"

Ilango akainama kuitazama kibodi.

"Halafu kibodi ya mtu wa zamu haipakwi, si anaitumia? Wewe uliipaka kwa sababu ulijua hana kazi nayo tena."

"Niliogopa, afande. Kuiruka tu hivi, mbele ya mungu wetu Saraswati, na yeye amelala pale... Mkono ulikwenda wenyewe."

"Nani alikuwa anajibu?"

"Programu yangu. Niliitengeneza zamani, ili tovuti ikizima, taarifa iseme iko hewani. Tulijisifu hatuzimi hata sekunde."

"Na yeye akaigundua."

"Dada yake alipovuja damu uzazini, tovuti ya wachangia damu, iliyo kwenye seva zetu hizi, ilikuwa imekufa saa tatu nzima. Taarifa zetu zikasema ipo. Leo asubuhi akanionyesha kumbukumbu za seva. Nikamfungia mlango, nikafungulia gesi. Ilipokwisha nikaingia, nikawasha programu ijibu kwa jina lake, nikafanya puja."

"Alitaka ufanye nini?"

"Nimwambie mama yake ukweli. Basi." Ilango akaanza kulia. "Siku ile mama ndiye aliyeshika simu, anatafuta damu, anabonyeza, anabonyeza. Ukoo mzima ukamwambia hajui kutumia simu, amemuua binti yake."

Thenmozhi alimfunga pingu, akamkabidhi kwa konstebo. Kisha akatoka, akachuchumaa mbele ya yule mama na kumshika mikono yote miwili.

"Amma, mwanao hakujiua," alisema. "Na ile simu, Amma, uliibonyeza sawasawa."