Komeo la Stoo ya Mashuka

Mashuka ya hospitali yalinuka moshi. Yalikuwa yametoka kufuliwa, yakaanikwa juani, lakini kila pasi ilipopita harufu ilipanda. Dada mtu akamgeukia mdogo wake, ambaye hospitali nzima ilimwita Kasuku kwa vile mdomo wake haukujua likizo.

"Umepika nini humu?"

"Nipike, halafu nishinde na njaa hivi?"

Wakaingia stoo kuchukua mashuka mengine. Rafu hazikuwepo. Palikuwa na ukumbi mrefu uliojaa moshi uleule, usio na taa wala nyaya, wagonjwa wamelala mikekani, nyuso zimejaa vipele vya ndui, ugonjwa ambao wao waliusikia tu kwa marehemu bibi yao. Mlangoni alisimama mlinzi aliyejifunga kitambaa puani, na macho yake hayakupepesa.

"Atakayetoka akafunga, atarudi zama zake," alisema taratibu. "Atakayebaki ndani ni wangu."

Kasuku hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, anamnywesha maji mwanamke mmoja. "Ningoje kidogo, Dada, huyu ana kiu," akasema, na dada mtu, aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga, akasikia vikohozi vikisogea, akaona mikono yenye usaha ikimnyookea, miguu ikamtoa nje kabla moyo haujakubali, akauvuta mlango, akashusha komeo.

Siku saba mlango wa stoo ulibishwa kutoka ndani. Kila wafanyakazi walipofungua, walikuta mashuka tu, Kasuku hayupo.

Siku ya nane mama yao alileta mganga. Mzee yule aliweka kiganja kwenye mlango, akakiondoa upesi kama aliyeungua.

"Jini anayelinda humu simuwezi," alinong'ona. "Ila mtoto bado yu hai. Aliyemfungia aseme kwa mdomo wake, mbele ya mzazi, naye atatoka. Leo tu. Binti, nani alifunga?"

Mama alimshika dada mtu mkono. Ndani, sauti iliyokauka, ambayo dada peke yake aliisikia, ikasema, "Sema tu, Dada. Mama hatakupiga."

Alimpenda mdogo wake, Mungu shahidi. Lakini aliyatazama macho ya mama yake, akaona jinsi yatakavyomtazama kuanzia leo hadi kaburini, na aibu ikamshinda.

"Ni upepo, Mama."

Kule ndani, kubisha kukakoma.